Mtoto Mmoja, Kadi Tatu

Ng'wiiik. Ndoano ya mizani ililia hivyo ikipokea uzito wa mtoto, chuma juu ya chuma. Kikafuata kimya kifupi cha mtoto anayeshangaa kwamba miguu yake imekosa ardhi, halafu kilio. Nimestaafu, masikio yangu yameanza kuchagua cha kusikia, lakini sauti hiyo bado iko palepale. Ninyi mliokuta mizani ya betri hamuijui. Ya kwenu inasema "pip" kama simu inayoomba chaji. Yetu ililia kama paka aliyekanyagwa mkia, na kina mama wote kwenye foleni walikunja sura kwa pamoja.

Siku mliponikatia keki ya kuniaga mlinitaka niandike jinsi nilivyopanda kazini. Wanangu, sikupanda. Nilianza kwa kubeba mizani, nikamaliza kwa kutunza funguo za stoo ya kadi pale Mugumu. Kama huko ni kupanda, basi kilima chenyewe kilikuwa kifupi. Ninachotaka kuwaandikia ni jinsi unga wa lishe wenye dagaa ulivyokaribia kuondolewa kwenye kliniki zetu, Tarime na Serengeti, kwa sababu ya msichana mmoja aliyeishia darasa la saba, mwenye huruma nyingi na kalamu ya kupewa. Msichana huyo ni mimi. Mkimaliza kushangaa mniambie, maana mimi mwenyewe bado sijamaliza.

Nilifika Matongo, huko Tarime, wakati dhahabu imewapanda watu kichwani. Nilitoka kwetu, upande wa Sirari, nikiwa na begi moja na anwani ya shangazi. Nilichokikuta kilinifunga mdomo, na mimi si mtu wa kufungwa mdomo kirahisi. Wanaume walizama kwenye mashimo wakiwa na tochi zimefungwa vichwani kwa mpira wa baiskeli. Wanawake walikaa chini kwenye jua wakiponda mawe kwa nyundo, watoto wamefungwa mgongoni, na kila nyundo ikishuka kichwa cha mtoto kinatikisika. Mwalimu wangu wa darasa la tano nilimkuta mdomoni mwa shimo, kavua shati, mweupe wa vumbi kuliko siku za chaki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Lakini hapa usiniite mwalimu, binti. Wataninyima zamu."

Mimi sikuja kwa ajili ya dhahabu. Nilikuja na ndoto ya koti jeupe. Nilijiona nimelivaa, kalamu mbili mfukoni, natembea kati ya watoto wanene. Katika ndoto zangu watoto wote walikuwa wanene, hata wa majirani tuliogombana nao. Kwa hiyo niliposikia kwamba hospitali moja ya misheni inatafuta msichana anayejua kusoma na Kikurya, wa kusaidia kupima watoto kila Jumatatu, nilikimbia nikafika kabla ya tangazo kubandikwa.

Aliyenipokea ni Mzee Marwa, mpimaji wa siku nyingi, mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa ambayo watoto waliilalia bila kulia. Siku ya kwanza hakunionyesha mtoto hata mmoja. Alinionyesha jiwe. Lilikuwa limeshonewa kitambaa cha kaki, uzito wake unajulikana, na kila asubuhi kabla ya mtoto wa kwanza alilitundika kwenye mizani.

"Mizani ikidanganya jiwe," alisema, "itamdanganya na mtoto. Jiwe ndilo litakalosema, kwa sababu jiwe halina mama wa kulitetea."

Jambo la pili alilonifundisha lilihusu kalamu. Niliandika uzito vibaya, nikalamba kidole nifute. Alinishika mkono.

"Hapana. Kosa halifutwi. Unalikata mstari mmoja, lisomeke, unaandika la kweli pembeni, unaweka jina lako. Anayekuja nyuma aone ulikosea wapi na nani alikosea."

Nilidhani ni masharti ya uzee. Nilimjibu ndiyo tata, yaani baba kwa Kikurya, na moyoni nikaendelea na ndoto yangu ya koti.

Kupima kule kulikuwa kwa ajili ya utafiti, na utafiti wenyewe ulikuwa rahisi kueleza. Walitaka kujua kama unga wa wimbi, yaani ulezi, uliochanganywa na dagaa waliosagwa utawanenepesha watoto kuliko unga wa wimbi mtupu. Kila mama alichota kifuniko cha soda kutoka kwenye mfuko mweusi. Chenye alama ya rangi, mtoto wake alipata unga wa dagaa. Kisicho na alama, alipata unga mtupu. Baada ya miezi sita unalinganisha makundi mawili. Na kila mama, awe na alama au asiwe nayo, alipewa mche wa sabuni kwa kupoteza muda wake. Pale Matongo, ambako maji yenyewe yalikuwa na rangi ya udongo, mche wa sabuni ulikuwa na heshima yake.

Robi alikuwa rafiki yangu wa kwanza pale. Alikuwa mdogo kama mimi, mponda mawe, mcheshi wa kukata na shoka. Aliolewa nyumba ntobhu, yaani aliolewa na mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume, Mama Mugesi, ili nyumba ile ipate watoto wa kuiendeleza. Huku kwetu jambo hilo halimshangazi mtu, lakini liliwatesa sana watafiti wageni. Siku ya kumwandikisha mtoto, kijana mmoja mwenye miwani aliuliza:

"Jina la baba?"

"Mugesi," Robi akajibu.

"Anafanya kazi gani?"

"Saa hizi anapika."

Kijana akaandika: mpishi.

Mtoto wa Robi aliitwa Ghati. Alikuwa na macho makubwa kuliko uso, na kovu la moto begani, upande wa kushoto, lenye umbo la jani. Robi aliingiza mkono kwenye mfuko mweusi akiwa amefumba macho na midomo inasali. Akatoa kifuniko kitupu. Alikigeuza mara mbili, kama vile alama ingeweza kuwa upande wa pili, kisha akakirudisha, akachukua unga mtupu na sabuni yake, akaondoka. Nilimwona akifuta macho kwa kiganja cha mkono, nikashindwa kula mchana.

Sasa hapa ndipo mjue kwamba dhahabu huwakimbiza watu wa kila aina. Barabara ilikuwa imechongwa na malori ya mgodini, watoto wembamba walikuwa wengi, na habari zao zilifika mbali. Kabla mwezi haujaisha ukaja mradi wa pili, wa chuo kimoja, wakapanga siku ya Jumatano. Ukaja wa tatu, wa wageni wa ng'ambo, wakachukua Ijumaa. Wote watatu waliuliza swali lilelile: dagaa au bila dagaa. Na wote hawakusalimiana. Kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza kujua, kama wachimbaji wanaochimba mwamba mmoja kwa mashimo matatu, kila mmoja akijifanya hasikii nyundo ya mwenzake.

Kila mradi ulihitaji msichana anayejua kusoma na Kikurya, na kila mradi ulisema hautaki mtu anayefanya kazi kwa wenzao. Jumatatu nilikuwa Bhoke, jina la nyumbani. Jumatano nikawa Veronika, jina la ubatizo. Ijumaa majina yalikuwa yameniishia, nikaazima la mama yangu, Wankuru, aliyekwisha kufariki. Watu wa Ijumaa walitaka kadi ziandikwe kwa herufi kubwa tupu, hivyo hata mwandiko wangu ulibadilika. Nilijiona mjanja. Nilijiona nimezaliwa mara tatu.

Mzee Marwa alipita Jumatano moja na baiskeli yake, akaniona chini ya turubai la watu wa chuo. Akasimama.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Leo wewe ni nani?"

"Veronika, tata."

"Haya." Akapanda baiskeli, akaondoka. Tangu hapo kila tulipokutana aliniuliza hivyohivyo, leo wewe ni nani, bila kucheka, nami nilicheka kwa niaba yetu wote wawili.

Ijumaa nilikuwa na mwanya wangu mwenyewe wa kutenda mema, na Jumatano vilevile. Nilimwendea Robi pale anapoponda mawe.

"Njoo kesho na Ghati. Kuna mfuko mwingine wa vifuniko."

"Si wameshaniandika?"

"Wamemwandika Ghati. Kesho tutamwandika Elizabeti."

Robi aliacha nyundo. "We Bhoke, una wazimu?"

"Hakubatizwa Elizabeti?"

"Kabatizwa."

"Basi uongo uko wapi?"

Alichota tena. Safari hii alama ilitoka, akaruka juu na mtoto mgongoni hadi watu wa chuo wakadhani kaumwa na nge. Ijumaa tulimwandika Nyangi, jina la bibi ambalo Mama Mugesi mwenyewe alimpa mtoto. Kwenye kadi ya kila mradi, mwishoni kabisa, palikuwa na swali: Mtoto amewahi kuwa kwenye utafiti mwingine? Niliandika Hapana. Niliiandika vizuri, kwa herufi za kupendeza.

Ningekuwa nimeishia kwa Robi, labda leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini Matongo hakuna siri ya mche wa sabuni. Wiki iliyofuata kina mama walinipangia foleni mlangoni kwa shangazi, wale wa vifuniko vitupu, kila mmoja na mtoto wake na majina yake.

"Bhoke, wa kwangu ana jina la babu yake, halijatumika bado."

"Na mimi wa kwangu kule Migori wanamwita Achieng, shemeji zangu Wajaluo, hilo nalo si linafaa?"

Wote niliwapokea. Ningemkatalia nani? Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ndoto yenye watoto wanene. Niliona watafiti wana unga mwingi na watoto hawana, na mimi niko katikati na kalamu. Hata nilijiambia kwamba mtoto aliyepimwa mara tatu amepimwa vizuri zaidi ya aliyepimwa mara moja.

Miezi sita ikaisha. Miradi yote mitatu ikafunga maboksi yake, ikaondoka kwa njia tatu. Watoto wangu, namshukuru Mungu, walikuwa wameongezeka. Robi alinitengea kuku.

Mimi nikahamia wilaya ya Serengeti, Mzee Marwa akiwa ameniandikia barua ya kunisifu ambayo sikuistahili. Nilipata kazi kwenye utafiti kama uleule huko Nyambureti, kwenye mashamba, ambako hakuna shimo wala mradi mwingine. Huko mtu anakuja na jina moja na mtoto mmoja. Na huko nilishuhudia kitu: watoto wa kundi la dagaa waliwaacha wenzao mbali hadi ungeweza kuwatofautisha kwa macho, bila mizani. Baadaye kliniki zetu zikaanza kutoa unga wenye dagaa, nami nikawa mtunza stoo Mugumu. Nilipopita kwenye foleni za kliniki na kusikia harufu ya dagaa kwenye uji, nilijisikia kama mtu ambaye ndoto yake imeamka na kuanza kutembea yenyewe.

Miaka kadhaa ikapita ndipo akaja Daktari Zaituni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na hakuja na mizani. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza: mtafiti wa lishe asiye na mizani. Kazi yake ilikuwa kukusanya tafiti zilizokwisha kufanywa na watu wengine na kuziunganisha ziwe jibu moja. Aliniomba maboksi yote yaletwe Mugumu, ya Nyambureti na yale matatu ya Matongo, na akaniomba mimi nimsomee, kwa kuwa nilijua majina ya huku na miandiko ya wapimaji.

Nilimuuliza kwa nini asipime watoto wake mwenyewe. Akanieleza kwa namna ambayo sijaisahau.

"Utafiti mmoja ni shahidi mmoja barazani, Dada Bhoke. Anaweza kuwa mkweli akakosea, kwa sababu alisimama vibaya au aliona watu wachache. Mashahidi wengi wakisema neno moja, na hawakuonana kabla, hapo unaanza kuamini. Mimi kazi yangu ni kuwaita wote, anayenipendeza na asiyenipendeza, na kumpima kila mmoja aliona kwa upana gani."

Kisha akatandaza karatasi kubwa mezani. Katikati palikuwa na mstari wa wima. Kila utafiti ulikuwa na kisanduku kidogo: kikikaa kulia, dagaa wamesaidia, kikikaa juu ya mstari, hakuna tofauti. Na chini kabisa palikuwa na umbo kama almasi, ambalo ndilo jumla ya wote. Kutoka kwenye dhahabu hadi almasi, nikajisemea, kumbe nimepanda kazini.

"Hii ni Nyambureti," akasema, kidole kikiwa kwenye kisanduku kilichokaa kulia peke yake kama mtoto aliyenuna. "Na hizi ni tatu za Matongo."

Zote tatu zilikuwa zimeukalia mstari wa katikati.

"Maana yake nini, Daktari?"

"Maana yake Matongo, kundi la dagaa na kundi la unga mtupu walilingana. Mashahidi watatu kwa mmoja. Ona jumla ilivyovutwa katikati. Kikao cha kuamua unga wa kliniki ni Ijumaa, na wanaosubiri karatasi hii watasema dagaa ni usumbufu wa bure. Wataurudisha unga mtupu."

Nikasema haiwezekani, nimewaona watoto wa Nyambureti kwa macho yangu. Akasema macho yangu nayo ni shahidi mmoja. Halafu akakunja uso, akagonga vile visanduku vitatu kwa kalamu.

"Ila hizi zimekubaliana mno. Ndugu watatu wa tumbo moja hubishana kuliko hizi. Hebu nisomee kadi zenyewe. Anza na boksi la Jumatatu. Majina, umri, na ile safu ya alama za mwilini."

Nikaanza kusoma. Nilisoma kwa sauti, naye akiandika. Ghati, kundi la unga mtupu, kovu la moto bega la kushoto. Nikaendelea. Tukafungua boksi la Jumatano. Elizabeti, kundi la dagaa, kovu la moto bega la kushoto. Sauti yangu ikapungua, lakini mdomo uliendelea kwa mazoea. Boksi la Ijumaa, herufi kubwa: NYANGI, kundi la unga mtupu, KOVU LA MOTO BEGA LA KUSHOTO.

Kalamu ya Daktari ilisimama.

Lazima niwaeleze kwa unyoofu, kwa sababu nyinyi mtadhani nilijua siku zote. Nilijua kwamba niliandika majina matatu. Sikujua nilichofanya. Pale kwenye kiti ndipo nilipokiona kwa mara ya kwanza: Jumatatu Ghati ameandikwa kwamba hapati dagaa, na Jumatatu hiyohiyo tumboni mwake mna dagaa wa Jumatano. Mwenzake naye hivyo. Na mwenzake. Kila mtoto ambaye kazi yake ilikuwa kutokula dagaa ili tuone tofauti, mimi nilimpelekea dagaa kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana makundi yalilingana. Dagaa walifanya kazi hata upande ambao hawakuandikwa! Na wale mashahidi watatu walikuwa shahidi mmoja aliyebadilisha kofia, na aliyemvika kofia ni mimi, na sasa anasimama barazani kuapa kwamba dagaa hawana faida.

Mkono wangu ulikwenda mdomoni wenyewe. Hata sasa ninapoandika, umekwenda tena.

"Dada Bhoke? Unaumwa?"

"Ni mtoto mmoja, Daktari."

"Nani?"

"Ghati, Elizabeti na Nyangi. Ni mmoja. Na wengine humo ndani ni hivyohivyo. Bhoke wa Jumatatu na Veronika wa Jumatano wote ni mimi."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alivuta boksi, akalikalia, akanitazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma kadi yenye mwandiko mbaya.

"Uliwalisha dagaa watoto wa kundi la unga mtupu."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Walikuwa na njaa, Daktari."

Nje mtu alikuwa anatwanga kisamvu, twa, twa, na sisi wawili tukausikiliza mchi kama vile ungetuamua.

"Njaa yao uliipunguza kwa miezi sita," alisema mwishowe. "Na Ijumaa hii ulikuwa unakwenda kuirudisha kwa wilaya mbili."

Sijawahi kupigwa kofi linalofanana na hilo. Nililia, naye aliniacha nilie, kisha akanipa kazi. Tulichambua kadi kwa siku mbili, alama kwa alama, umri kwa umri, tukizifunga pamoja kwa uzi wa gunia zile tatu tatu za mtoto mmoja. Kila uzi niliofunga ulikuwa na sura ninayoikumbuka kutoka foleni ya mlangoni kwa shangazi. Kwenye kadi za Jumatatu na Jumatano nilikata Hapana mstari mmoja, isomeke, nikaandika Ndiyo, nikaweka jina langu, kama Mzee Marwa alivyonifundisha nikiwa sisikilizi.

Tulipofika kwenye kadi za Ijumaa Daktari akauliza: "Na huyu Wankuru ni nani?"

Hapa ndipo ninapojishangaa kuliko pote. Nilikuwa nimeshasema yaliyo makubwa. Kazi yangu ilikuwa tayari mikononi mwake. Kilichobaki ni neno moja. Lakini nilisikia jina la mama yangu limetamkwa katikati ya uchafu ule, nikaona kaburi lake kule nyumbani, na mdomo wangu ukasema:

"Msichana mmoja. Alihamia Migori siku nyingi."

"Mlikuwa mnayapanga haya pamoja?"

"Alinifuata mimi tu."

Akaandika pembeni: mwandishi wa kadi za Ijumaa hakupatikana. Tukaziacha zile kadi na Hapana zake.

Ijumaa alikwenda kwenye kikao na karatasi mpya. Alikuwa ameziweka kando tafiti tatu za Matongo, ameeleza sababu bila kuficha, na kuwaita mashahidi wengine kutoka mikoa mingine ambao hawakuwahi kuonana. Sikuingia ndani. Nilikaa nje kwenye benchi na jiwe la Mzee Marwa mapajani, lile la kaki, alilokuwa ameniachia alipoacha kazi. Alipotoka hakutabasamu, yeye si mtu wa hivyo, lakini alipita karibu yangu akasema: "Umbo limesogea kulia. Unga unabaki." Kisha akaongeza: "Na wewe unabaki. Mtu anayejua kadi zinavyodanganya ndiye ninayemtaka mlangoni."

Basi ndivyo nilivyobaki na funguo za stoo. Lile daftari moja mnalolilalamikia, ambalo kila mradi ukija lazima uandike ndani yake kila mtoto na alama zake, na mnasema Mama Bhoke ana roho ngumu, lilianzia hapo. Mkiliona kero, kumbukeni kwamba kuna mtu mbali sana, ofisini, asiye na mizani, ambaye siku moja ataziunganisha kazi zenu zote na kuzifanya neno moja. Hatawaona watoto. Atawaona jinsi ninyi mlivyowaandika. Huruma yenu ipelekeni jikoni, ipelekeni kwenye vikao, ombeni unga wa kutosha wote. Msiitie kwenye kadi.

Mzee Marwa nilimwendea Matongo kabla hajafa, nikamwambia yote, hata la Wankuru. Alikuwa haoni vizuri. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza lilelile alilokuwa akiniuliza.

"Na leo wewe ni nani?"

Nilicheka kwa mazoea. Yeye hakucheka. Nikaondoka bila kumjibu, na swali hilo nimelibeba miaka yote, kwenye mvua na kwenye vumbi la Mugumu, kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake akisahau kuuliza unapelekwa wapi.

Siku yangu ya mwisho, mlipomaliza keki na kutawanyika, nilisema narudi kuhakikisha madirisha. Jua lilikuwa bado liko juu. Niliingia stooni peke yangu, nikafunga mlango, nikashusha boksi la Ijumaa kutoka rafu ya juu. Vumbi lake lilinipigisha chafya mara tatu, mara moja kwa kila jina. Nikatoa kadi ya Nyangi kwenye uzi wake. Herufi kubwa, nzuri, za msichana aliyejiona mjanja. Nikachukua kalamu. Nikakata HAPANA mstari mmoja, isomeke. Pembeni nikaandika Ndiyo, na chini yake: aliyeandika ni Bhoke Veronika, Wankuru alikuwa mama yangu, hakuhusika.

Nikapuliza wino ukauke, kisha nikaichukua kadi iliyofuata.